Mwalimu wa Geti

Jina lake lipo kwenye mafaili ya halmashauri, na mimi nalijua, lakini shuleni kwetu hakuna aliyelitumia. Wanafunzi, wazazi, wauza mihogo, hata Mwalimu Mkuu akiwa amekasirika, wote walimwita Mwalimu wa Geti. Kwao ni wapi, wazazi wake nani, hayo waulizwe wengine. Mimi namjua kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa saba, siku za kazi, kwa miaka minne, na nusu saa ile ilitosha kabisa kumjua mtu.

Na niseme mapema, msije mkanidhania mwema: mama yule aliondolewa getini kwa kosa lililokuwa langu. Mimi nilijua, naye alijua, na wote wawili tulinyamaza. Yeye alinyamaza ili anisitiri. Mimi nilinyamaza kwa woga, na woga huo nimekaa nao miaka sita.

Shule yetu iko upande wa Nyegezi, mlimani. Watoto ni wengi kuliko vyumba, kwa hiyo wanasoma kwa zamu mbili. Wa asubuhi wanatoka saa sita na nusu, na wa mchana wanaingia saa hiyohiyo. Geti ni moja. Upande huu jiwe, upande ule jiwe, yale mawe yetu ambayo hakuna mkandarasi anayeyagusa kwa bei ya serikali, na katikati pana njia ya watu wanne waliobanana. Sasa chukua maelfu ya watoto wenye njaa wanaotaka kutoka, chukua maelfu wengine wanaoogopa kuchelewa, wakutanishe hapo kwenye mteremko. Aisee! Siku yangu ya kwanza nilisimama kando nikasikia ardhi inatetemeka. Mtoto mmoja akajikwaa, wa nyuma yake akamwangukia, na wa nyuma kabisa, ambao hawakuona kitu, wakaendelea kusukuma.

"Simama!"

Hakupuliza filimbi. Ilikuwa sauti tu, nene, ya mwanamke mfupi aliyesimama juu ya jiwe la kulia, kitambaa kichwani, mkono juu. Na jamani, walisimama. Mistari miwili mizima ilisimama mpaka madarasani. Akashuka, akawainua walioanguka, akawakung'uta vumbi magotini, akarudi juu ya jiwe lake. "Mkono begani. Tembea." Kila mtoto akaweka mkono wa kulia kwenye bega la mwenzake wa mbele, wanaotoka kushoto, wanaoingia kulia, na geti likaanza kupitisha watoto upya. Nikamfuata kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Mhaya mpya wa Hesabu?"

"Ndiyo, mama."

"Chomekea shati. Watoto wanakuona."

Miaka minne aliniita hivyohivyo, Mhaya, au Mwalimu wa Hesabu akiwa na adabu. Majina hayakukaa kichwani mwake. Alisema shule yetu ina akina Neema wa kujaza meli, sasa jina litamsaidia nini? Yeye aliangalia miguu. Kwa kweli nilidhani ni vituko vya uzee. Lakini alikuwa anasimama pale juu, macho chini, watoto wanapita wakimsalimia naye hamwitikii hata mmoja, halafu ghafla anamshika mmoja bega na kumtoa kwenye mstari.

"Wewe una homa."

"Sina, mwalimu."

"Jana ulitembea hivi. Leo unaburuza. Kaa hapo kwenye kivuli, nitampigia mama yako."

Nilimuuliza kwa nini miguu. Akaniambia mtoto akikuona anajua kupanga uso, anacheka, anakudanganya, lakini miguuni hakumbuki kudanganya. Nilicheka. Nilikuwa kijana, na vijana wenye shahada tunacheka vibaya.

Asije mtu akafikiri alikuwa mpole. Ulimi wake ulikuwa pilipili. Mzazi mmoja alimletea sato wawili wakubwa wamefungwa kwenye kamba, asante kwa kumwokoa mwanawe siku ya msukumano. Mwalimu wa Geti alimgombeza mbele ya umati mzima, kwamba yeye hanunuliwi kwa samaki, kwamba hiyo ni rushwa, kwamba aondoke nao haraka. Mzazi wa watu akageuka kwa aibu. Alipofika hatua kumi akaitwa kwa sauti ya chini: "Baba, hebu. Hao umewanunua mwalo gani? Naona ni wazima." Nilicheka mpaka nikashika jiwe.

Alikataza mtu yeyote kula getini, na mfukoni hakukosa karanga za kukaanga. Aliwafokea waliochelewa mpaka wakalia, kisha akawaingiza kwa mlango wa jiko ili Mwalimu Mkuu asiwaone. Pole hakuijua kabisa. Ukimwambia umefiwa, anakuuliza umebakiza wangapi na nani anawapikia, halafu jioni unamkuta nyumbani kwako amebeba sufuria.

Jambo moja liliniumiza nilipoligundua. Kila siku, kama saa sita na robo, alikuwa anatoweka. Siku moja nikamfuata nyuma ya stoo nikamkuta ameshika kikombe cha maji kwa mikono miwili, na maji yanacheza.

"Mama, unaumwa?"

"Naogopa," akasema, kama mtu anayekutajia saa. "Naogopa kila siku. Siku nikiacha kuogopa, mnitoe pale."

Nikamwambia mimi siogopi, anipe geti nimsaidie. Akanywa maji, akakung'uta kikombe. "Ndiyo maana sikupi," akasema, akaenda zake.

Sasa nieleze habari ya masweta, maana humo ndimo kosa langu lilimozaliwa. Kanuni ya shule ilikuwa sweta la kijani mwaka mzima, joto lote hili la Mwanza. Bila sweta, huingii. Familia nyingi zina mtoto asubuhi na mtoto mchana, na sweta moja. Kwa hiyo saa sita na nusu, chini ya jiwe la Mwalimu wa Geti, upande wa nje, ungeona watoto wanavuana masweta na kuvishana, wanachekana, wanavutana mikono. Anayetoka anabaki na shati, anayeingia anaingia na sweta lenye jasho la nduguye. Kila mtu aliona. Mwalimu Mkuu hakupenda.

"Mama, unavunja kanuni mbele ya wazazi."

"Nunua masweta, baba. Siku hiyohiyo nitaacha."

Lakini alikuwa na sharti lake, na sharti hilo hakulilegeza kwa mtu. Mnabadilishana nje ya geti, mbele ya macho yake, yule wa asubuhi akiwa ameshatoka mwili mzima. Akikukuta umevua sweta ndani, hata hatua moja ndani, anakuvuta sikio. Sababu hakuieleza, nami sikuuliza. Nililiona kama ukali wa mtu mzima tu.

Katika waliobadilishana kulikuwa na mabinti wawili, ndugu. Mdogo alikuwa Minza, darasa la kwanza, zamu ya asubuhi. Mkubwa alikuwa Kabula, darasa la nne A, zamu ya mchana. Sweta lao lilijulikana shule nzima, kwa sababu mkono wa kushoto uliungua kwa pasi na mama yao akaushona upya kwa sufu ya bluu. Mama huyo alikuwa anafua nguo za watu. Sweta lile ungelitambua kwa umbali wa uwanja wa mpira.

Siku yenyewe ilikuwa ya masika. Mwalimu wa Geti alipata msiba Misungwi, shemeji yake, na alitakiwa kwenda kuzika. Alinitafuta ofisini asubuhi, amefunga kanga ya msiba, ameshika mkoba. Hakuwa na mwingine wa kumwachia, maana wenzangu wote walilikwepa geti.

"Angalia miguu," akaniambia. "Na masweta wabadilishane nje. Umenisikia, Mhaya? Nje."

"Nimesikia, mama. Nenda salama."

Alifika mlangoni akarudi. "Nje," akasema tena, na ndipo akaondoka.

Saa sita na nusu mvua ikashuka yote kwa pamoja. Watoto wa nje wanalowa, wanapiga kelele wafunguliwe. Watoto wa ndani wamejibana kwenye veranda. Mimi juu ya jiwe, maji yananiingia shingoni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kile kikombe kilichocheza. Niliogopa vibaya sana. Nikafungua pande zote mbili. Nikapaza sauti: wa mchana piteni, ingieni, mabadilishano fanyeni huko verandani, haraka! Niliona nimefanya la busara, watoto wasilowe. Miguu? Sikuona mguu hata mmoja. Niliona vichwa, mabegi na matope. Na katikati ya fujo ile, nakumbuka vizuri, niliona mkono wa bluu ukipita kwenda nje. Nikajisemea, haya, Minza huyo ametoka.

Saa saba mvua ikakatika, nikaenda kufundisha. Darasa la nne D, chumba kilekile ambacho asubuhi hukaa darasa la kwanza. Watoto karibu mia mbili, wengine kwenye madawati, wengine sakafuni. Sikuita mahudhurio. Nilikuwa nimelowa, nina hasira, na kuita majina mia mbili ni nusu ya kipindi. Nikaandika hesabu za sehemu ubaoni, nikafundisha. Mara moja niliwakemea wa kona ya nyuma, karibu na dirisha, walikuwa wananong'ona. "Nyie wa nyuma, kimya!" Wakanyamaza.

Saa tisa kiranja alikuja kuniita, natakiwa ofisini. Nilimkuta mama mmoja amesimama mbele ya meza ya Mwalimu Mkuu, mikono yake ina povu la sabuni lililokauka.

"Mwalimu, Minza hajafika nyumbani."

"Minza ametoka, mama. Saa sita na nusu."

"Una uhakika?" Mwalimu Mkuu akaniuliza.

"Nimemwona kwa macho yangu haya."

Nilivyosema! Sikusita hata kidogo. Na kwa sababu niliapa hivyo, hakuna aliyefungua mlango wa darasa hata moja, wala kumwita Kabula. Tukatoka sote. Kwenye darasa langu niliacha zoezi ubaoni na kiranja wa kulinda kelele. Tulishuka mtaani, tukauliza wauza mihogo, tukauliza bodaboda. Hakuna aliyemwona. Mtu mmoja akasema mtaro umejaa, na mtaro ule unamwaga ziwani. Baada ya neno hilo hatukutembea tena, tulikimbia.

Kule mwaloni, ufukweni wanaposhusha samaki, wavuvi waliingiza mapondo yao, ile miti mirefu ya kusukumia mitumbwi, kwenye matete, wanachoma taratibu, wanainua, wanachoma tena. Kila pondo likikwama kidogo, watu wote tunasogea majini. Linainuliwa, lina magugu tu. Mama Kabula hakungoja. Aliingia majini na nguo zake mpaka kiunoni, anaita "Minza! Minza we!" kama mtu anayemwita mtoto aje kula, na wanawake wawili wanamvuta kwa kanga asiende mbali zaidi. Nilisimama kwenye mchanga, viatu vyangu vimejaa maji, nikajua kwamba mtoto huyu akitolewa humo, sitafundisha tena maisha yangu yote.

Ilikuwa saa kumi na nusu Mwalimu wa Geti alipotokea, bado na kanga yake ya msiba. Alishuka kwenye gari la Misungwi akakuta mtaa unazungumza jambo moja. Hakumsalimia mtu.

"Nani alimwona akitoka?"

"Mimi, mama."

"Alikuwa anatembeaje?"

"Anatembeaje kivipi?"

"Miguu yake, Mhaya. Alikuwa anatembeaje?"

"Mama," nikasema, "niliona sweta. Lile la mkono wa bluu."

Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi wenye hasira, lakini yeye siku ile hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Akageuka, akaanza kupanda mlima, na umri wake ule, karibu anakimbia. Nikamfuata. Alipita geti, akapita ofisi, akafungua mlango wa chumba ambacho asubuhi ni cha darasa la kwanza, na mchana ni darasa langu.

"Simameni wote. Nendeni ukutani."

Watoto wakasimama, wakaburuza madawati, wakajibana ukutani. Mmoja hakusimama. Alikuwa amelala sakafuni chini ya benchi la mwisho, karibu na dirisha, kichwa juu ya begi la mtu, amefunikwa gunia. Ana shati tu. Mwalimu wa Geti akapiga magoti, akamgusa, akarudisha mkono kama aliyegusa chungu cha moto.

"Nani amemfunika?"

"Mimi, mwalimu," akasema binti mmoja. "Alisema anasikia baridi. Tulidhani ni mdogo wake mtu."

Nilikuwa nimefundisha sehemu saa mbili nzima, hatua kumi kutoka kwake. Ile minong'ono niliyoikemea walikuwa wanaulizana yeye ni nani.

Baadaye tulijua ilivyokuwa. Kabula aliingia na wenzake kwenye mvua, akamkuta mdogo wake verandani, amejikunyata. Akamvua sweta, akamwambia kimbia nyumbani. Halafu akakumbuka hana kalamu, akatoka mara moja hadi dukani, na sweta mwilini, akarudi. Huyo ndiye niliyemwona mimi. Minza naye miguu ilimkataa. Akarudi kwenye chumba alichokizoea, akajilaza, na watoto mia mbili wakaingia wakamzunguka.

Alipata degedege njiani kwenda hospitali, mikononi mwa Mwalimu wa Geti. Daktari alisema malaria imepanda kichwani, na kwamba saa zile tulizopoteza hazikuwa saa za kupoteza. Siku tatu hatukujua. Siku ya nne akaomba chai.

Mwalimu Mkuu alidai maelezo ya maandishi. Mimi niliandika ukurasa mmoja na nusu, mwandiko mzuri sana. Niliandika kwamba niliona sweta la mtoto likitoka, na kwamba ubadilishanaji wa masweta ulikuwa umeruhusiwa na Mwalimu wa Geti kwa muda mrefu. Kila neno lilikuwa kweli. Sikuandika kwamba aliniambia nje. Sikuandika kwamba mtoto alikutwa darasani kwangu, wala kwamba sikuita mahudhurio. Wanafunzi wangu walijua, lakini nani anawauliza watoto?

Nilikutana na Mwalimu wa Geti mlangoni mwa ofisi. Nilitegemea matusi.

"Umeshaandika?"

"Ndiyo, mama."

"Haya."

Maelezo yake yalikuwa na mistari mitatu tu, nayo ilisema: Mtoto alikutwa ndani ya eneo la shule. Masweta niliyaruhusu mimi. Mwenye geti ni mimi. Ndani ya mwezi akapata barua ya uhamisho, ng'ambo ya maji, shule ndogo ambayo unavuka Kigongo kwa kivuko ndipo utafute gari lingine. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Siku ya kuondoka hakuna hata soda iliyonunuliwa.

Kwenye mkutano wa wazazi Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba chanzo cha tukio ni watoto kuchangia sweta moja, na kuanzia siku hiyo kila mtoto aje na la kwake. Mama Kabula alikuwa mstari wa mbele, ameinamisha kichwa, wenzake wanamtazama kisogo. Wiki iliyofuata Minza alirudi asubuhi na sweta lenye mkono wa bluu. Mchana Kabula hakuja. Wala wiki ya pili. Mimi ndiye niliyepewa geti, kwa hiyo nilimngoja kila siku pale juu ya jiwe, na kila siku nilielewa kwa nini haji, na sikwenda hata siku moja kubisha hodi kwao. Baadaye nikasikia amepelekwa kwa ndugu. Nikajiambia, afadhali.

Kwa habari ya geti, nilijifunza. Saa sita na robo mikono inanitetemeka, na naangalia miguu. Miaka sita nimeangalia miguu ya Minza, kutoka kandambili mpaka viatu vya kamba. Mwaka huu amemaliza darasa la saba. Siku ya mwisho alipita kwenye mstari, akatoka, akarudi. "Kwaheri, mwalimu. Asante kwa kutulinda." Jumamosi hiyo nikapanda gari.

Kivuko hakihitajiki tena, siku hizi gari linapita darajani na maji unayaona chini. Nilikuta nyumba ya bati yenye ua safi. Mwalimu wa Geti alikuwa kwenye kiti, amepungua, mguu mmoja ameunyoosha kwenye kigoda, umevimba. Alinisikia kabla hajaniona.

"Mhaya. Bado unatembea kama anayedaiwa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Sikukaa. Niliogopa nikikaa nitaongea habari za mvua. "Mama, yale maelezo yangu. Siku ile..."

"Niliyasoma. Mwalimu Mkuu alinipa niyasome. Mwandiko wako mzuri."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na miaka minne kazini, wangekufukuza. Mimi nilikuwa nimebakiza miwili, wangenihamisha tu. Nilipiga hesabu." Akausogeza mguu wake kwa mikono. "Hesabu yangu ilikuwa na kosa. Nilidhani mzigo tunagawana wawili, mimi na wewe. Kumbe kulikuwa na wa tatu. Nilipopata habari kwamba mama yake amemtoa shule, nilimfuata mwenyewe."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatoka msichana mrefu ameshika chupa ya chai na vikombe viwili. Alipiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Sauti sikuijua. Miguu niliijua.

"Yuko kidato cha tatu," Mwalimu wa Geti akasema. "Anafanya vizuri. Lakini sweta havai, hata asubuhi ya baridi. Anaamini alimvua mdogo wake nguo akiwa anatetemeka, akamwacha afe. Nimemwambia mara mia kwamba sivyo. Ananijibu, bibi, wewe unanifariji tu, hukuwepo. Na ni kweli sikuwepo. Aliyekuwepo ni wewe." Akamnyooshea msichana kidole. "Msamaha wako mimi siuhitaji. Mwambie huyo."

Kabula alikuwa amesimama na chupa mkononi. Hakuitua.

Nikamwambia. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikaanza upya. Nilimwambia kwamba niliagizwa mbadilishane nje nami nikawaruhusu ndani. Kwamba mdogo wake hakupotea, alikuwa darasani kwangu, chini ya benchi, nami nikafundisha saa mbili bila kumwona kwa sababu sikuita majina. Kwamba niliapa ametoka, na kiapo changu ndicho kilichowapeleka watu ziwani na kumwacha na homa pale sakafuni mpaka saa kumi na nusu. "Homa aliipata kwa mbu," nikasema. "Ungemwachia sweta, angeumwa vilevile. Saa zile tulizopoteza nilizipoteza mimi. Wewe ulikuwa mtoto wa darasa la nne, ukamwambia mdogo wako akimbie nyumbani. Baada ya hapo, kazi ilikuwa yangu."

Alilia bila sauti, machozi yanamdondokea kwenye mikono, na bado ameishika ile chupa. Nilitaka kumpokea nikaona sistahili. Tulikaa hivyo mpaka Kabula mwenyewe akaitua mezani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mama anajua?" akaniuliza.

"Hapana. Bado."

"Miaka sita Mama anasema ni umaskini wake ulitaka kumuua Minza."

Alinitazama, si kwa chuki, alinitazama kama mtu anayengoja foleni isogee. Kisha akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

"Gari la Mwanza linapita saa nane," akasema. "Twende ukamwambie."

Nikamgeukia Mwalimu wa Geti. Alikuwa ameshaanza kujimiminia chai.

"Nendeni," akasema. "Mkimaliza, mnipigie."